Al-Biruni, kipandauso na fatwa za mtaani

Watu wa pwani tunaoishi huku Machakos hatukosi la kubishania, na siku hizi zamu ni ya yoga. Wapo kina mama wanaougua kipandauso kwa miaka, wale ambao ukiwaona wamejifunga leso kichwani asubuhi unajua siku hiyo nyumba italala mapema. Baadhi yao wameshauriwa wajaribu yoga: kunyoosha shingo na mabega, kuvuta pumzi polepole, kutuliza moyo. Wengine wameanza, na wanasema wamepata nafuu. Basi likaja neno kwamba hiyo ni ibada ya Banyani, na kwamba anayekaa kwenye mkeka ule ameshatia doa imani yake. Wako walioacha kwa hofu wakarudi kwenye vidonge. Upande wa pili kuna vijana wanaoisifu yoga kana kwamba ni dawa ya kila kitu, kuanzia kichwa hadi sukari.

Mimi si shehe wala si daktari. Lakini katika mabishano haya yote sijasikia hata mara moja likitajwa jina la Abu Rayhan al-Biruni, na ajabu ni kwamba yeye ndiye Mwislamu aliyekitia kitabu cha yoga katika lugha ya Kiarabu, karibu miaka 1000 iliyopita. Maisha yake yanastahili kusimuliwa.

Alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973 kandokando ya mji wa Kath, katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo ndani ya Uzbekistan. Jina lake lenyewe lina maana ya mtu wa nje ya mji, kwani birun kwa Kiajemi ni nje. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikhwarazmi, lugha iliyokwisha kufa. Kiarabu na Kiajemi alijifunza, kama sisi tunavyojifunza lugha za watu. Alibahatika kulelewa kielimu na Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa kifalme aliyekuwa bingwa wa hesabu, na kabla hajatimiza miaka ishirini tayari alikuwa akipima kimo cha jua.

Mwaka 995 vita vikaingia Kath. Mfalme aliuawa, na al-Biruni akakimbia. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhamahama kutoka jumba la mtawala mmoja hadi la mwingine, mara ana hifadhi, mara hana kitu. Hakuacha kazi. Mwezi wa Mei mwaka 997 alipatana na Abu al-Wafa aliyekuwa Baghdad: kila mmoja autazame mwezi ukipatwa kutoka mahali alipo na aandike saa. Kutokana na tofauti ya saa wakajua umbali kati ya miji yao, mashariki na magharibi. Hawakuwa na simu wala saa za mkononi. Walikuwa na mwezi na uaminifu tu.

Alikaa miaka kadhaa Gurgan, kusini mashariki ya bahari ya Kaspi, kwa amiri Qabus, na huko akaandika kitabu kikubwa kuhusu kalenda na sikukuu za mataifa mbalimbali, Wayahudi, Wakristo, Wamajusi na wengineo. Hapo ndipo tabia yake inapoanza kuonekana. Kila umma aliueleza kwa hesabu zake wenyewe na kwa maneno yake wenyewe, bila kuupaka matope kwanza.

Ni katika miaka hiyo pia alipoandikiana barua na Ibn Sina. Al-Biruni alimpelekea maswali makali kuhusu mafundisho ya Aristotle, Ibn Sina akajibu, al-Biruni hakuridhika akauliza tena, mpaka mwisho mwanafunzi mmoja wa Ibn Sina ndiye aliyeshika kalamu kujibu. Namtaja Ibn Sina kwa sababu maalumu. Yeye ndiye aliyeandika al-Qanun, kitabu cha utabibu kilichosomwa kwa karne nyingi Mashariki na Ulaya, na ndani yake maradhi ya kichwa yana nafasi kubwa. Maumivu ya nusu ya kichwa Waarabu waliyaita shaqiqa, yaani kile tunachokiita sisi kipandauso. Na Ibn Sina huyohuyo, alipoeleza namna ya kuhifadhi afya ya mtu asiye mgonjwa, aliweka mazoezi ya mwili mbele, kisha chakula, kisha usingizi. Kwa hiyo anayedhani kwamba tiba ya Kiislamu ni kikombe cha habasoda na kupigwa chuku tu, hajasoma mbali.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm. Ibn Sina alikuwa amekwisha kuondoka mapema. Al-Biruni alichukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Kama alikuwa mateka au mgeni wa lazima, tofauti ni ndogo: hakuwa na ruhusa ya kwenda atakako. Alikuwa na miaka arubaini na kitu, umri ambao watu wengi huona wameshajua vya kutosha.

Mahmud alikuwa na desturi ya kwenda kupigana Bara Hindi karibu kila mwaka na kurudi na dhahabu. Al-Biruni akaingia nchi hiyo kwa njia ya jeshi, ila alichokitafuta hakikuwa dhahabu. Alijifunza Kisanskriti. Si lugha rahisi. Yeye mwenyewe aliandika jinsi sauti zake zilivyomshinda ulimi, na jinsi waandishi walivyokuwa wakinakili vitabu kwa uzembe hadi neno likapotea. Alitumia mali yake kununua vitabu na kuwatafuta wasomi waliovielewa. Mwanzo alikaa mbele yao kama mwanafunzi, kwa unyenyekevu. Baadaye alipoanza kuwaeleza hesabu za nyota walishangaa, wakataka kujua amesoma kwa mwalimu gani wa Kihindu, na wapo waliomdhania mchawi.

Akiwa kwenye ngome ya Nandana, sehemu ambayo leo ni Pakistan, alipanda mlima mmoja, akapima namna upeo wa macho unavyoshuka, na kutokana na kipimo hicho kimoja akahesabu ukubwa wa dunia nzima, akapata jibu lililo karibu sana na la leo. Wanahisabati watamsimulia vizuri kuliko mimi.

Msomaji wa pwani kuna jambo la kumpendeza zaidi katika maandishi yake. Mahmud alibomoa hekalu la Somnath, kwenye ufuo wa Gujarat, katika safari ya 1025 hadi 1026. Wanahistoria wa makasri walijaza kurasa wakisifu ushindi na hazina. Al-Biruni naye aliitaja Somnath, lakini akaeleza kwa nini mahali hapo palikuwa maarufu: palikuwa bandari, kituo cha mabaharia wanaokwenda na kurudi kati ya Sufala ya nchi ya Zanj na China. Sufala ya Zanj ni huku kwetu, kusini ya mwambao huuhuu wa Waswahili. Yaani zama hizo, kabla ya Fort Jesus na kabla ya reli, tulikuwa tumeshaingia katika kitabu chake, na tumeingia tukiwa safarini pamoja na hao Wahindu. Tuliokulia Mombasa au Lamu, tukinunua bizari na kanga kwa Mabaniani, hatuwezi kujifanya kwamba watu hao tumewajua jana. Hata Machakos, tangu ilipokuwa kituo cha misafara iliyotoka Mombasa, duka la Mhindi na msikiti wa Mswahili havikuwa mbali.

Sasa tuje kwenye yoga.

Kati ya vitabu alivyovifasiri kwa Kiarabu kimo kile cha Patanjali, ambacho ndicho msingi wa falsafa ya yoga. Asili yake ni vifungu vifupi mno, chini ya 200, vigumu kueleweka bila maelezo. Al-Biruni alivichanganya na maelezo ya wafasiri wa Kihindu, akavipanga kwa mtindo wa maswali na majibu, kama mwanafunzi anayemhoji mwalimu wake, ili msomaji wa Kiarabu aweze kufuata. Nakala iliyosalia ilikuja kupatikana Istanbul katika karne iliyopita na mwanazuoni Mfaransa Louis Massignon, na Mjerumani Hellmut Ritter akaichapisha mwaka 1956.

Na ndani ya kitabu hicho kuna nini? Hapa ndipo pande zote mbili za mabishano ya mtaani zingepata mshangao. Kitabu cha Patanjali hakifundishi kunyoosha shingo. Kuhusu namna ya kukaa kina vifungu vichache kabisa, na muradi wake ni kwamba mkao uwe imara na wa raha. Pumzi imetajwa. Ugonjwa nao umetajwa, si kama kitu ambacho yoga imekuja kukitibu, bali kama kizuizi cha kwanza kinachomzuia mtu kutulia, na pamoja na vizuizi hivyo huja huzuni, mwili kutetemeka na pumzi kwenda ovyo. Aliyewahi kushikwa na kipandauso anaijua hali hiyo bila kufasiriwa. Lakini shabaha ya kitabu ni nyingine: ni roho kufunguliwa kutoka katika kifungo cha kuzaliwa tena na tena. Hiyo ni itikadi, na si itikadi ya Mwislamu.

Al-Biruni hakulificha hilo, wala hakuligeuza likafanana na yetu. Alilieleza kama lilivyo, kisha akaonyesha mahali ambapo maneno ya Wahindu yanakaribiana na ya masufi na ya wanafalsafa wa Kiyunani, na mahali yanapoachana. Imani yake haikutetereka. Aliendelea kuwa Mwislamu na alipoona upuuzi aliuita upuuzi. Utengenezaji wa dhahabu kwa kemia za uongo, kwa mfano, aliupiga vita waziwazi, uwe wa Wahindu au wa mwingine yeyote. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu Bara Hindi, alichokikamilisha yapata mwaka 1030, alieleza kwamba kilichomsukuma ni mazungumzo na mwalimu mmoja, Abu Sahl wa Tiflis, aliyekerwa na jinsi waandishi wa Kiislamu walivyokuwa wakisimulia dini za wengine kwa uvumi, huyu akinakili kwa yule. Alilalamika pia kwamba Wahindu nao walijiona, wakidhani hakuna nchi ila yao wala elimu ila yao. Na akaandika, huku akila mkate wa Ghazna, kwamba vita vya Mahmud viliiharibu neema ya nchi ile, vikapanda chuki dhidi ya Waislamu wote, na vikazikimbiza elimu zao hadi Kashmir na Benares, mahali ambapo mkono wetu haufiki. Mtu mwenye maisha yake mikononi mwa sultani, kuandika hayo si mchezo.

Yale mazoezi ya viungo tunayoyaona leo yalikua baadaye, katika vitabu vingine vya yoga vya karne za mbele, na mengi yakapata sura yake ya sasa huko India katika karne ya 20, yakichanganyika na mazoezi ya kawaida ya shule na majeshi. Waislamu nao hawakukaa mbali. Katika karne ya 16 sufi Muhammad Ghawth wa Gwalior aliandika kwa Kiajemi kitabu cha mikao na pumzi za mayogi, na kikapendwa katika makasri ya Wamughal.

Kwa hiyo mama wa Machakos anayegeuza shingo polepole kulia na kushoto, akalegeza mabega na kuhesabu pumzi, hafanyi kile kilichomo katika kitabu cha Patanjali. Akiongezwa kuimba maneno ya kumsifu mungu wa wengine, hapo ni habari nyingine, na ana haki ya kusema la. Maulamaa wa nchi nyingine wameshaliona tofauti hilo. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliharamisha yoga inayochanganya mazoezi, ibada na maneno ya ibada. Indonesia mwaka 2009 ikaharamisha ile yenye mantra na ikaacha ile iliyo mazoezi matupu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliiruhusu ifundishwe kama mchezo. Anayetoa fatwa kibarazani kwa mkupuo mmoja angeanzia hapo.

Na je, kichwa kinapona? Wale vijana wanaoisifu yoga nao wana la kujibu. Madaktari wa hospitali kuu ya AIIMS mjini New Delhi waliwachukua wagonjwa 160 wa kipandauso, wakawagawa makundi mawili. Wote walipewa dawa. Kundi moja liliongezewa yoga kwa miezi mitatu, mwanzo mbele ya mwalimu, baadaye nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliobaki hadi mwisho walikuwa 114. Makundi yote mawili yalipata nafuu, ila lililofanya yoga lilipata zaidi: maumivu yalikuja mara chache, yalipungua ukali, na vidonge vikapungua. Tazama vizuri: yoga iliongezwa juu ya dawa, haikuchukua nafasi yake. Na kwenye utafiti wa namna hii mgonjwa anajua yuko kundi gani, kwa hiyo matumaini yake nayo yanaingia katika hesabu.

Hata hivyo hiyo ni faida ya kweli, hasa kwetu ambao dawa ya maumivu tunainunua dukani kama peremende. Anayemeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mfululizo, anaweza kujitengenezea maumivu mapya yanayoletwa na vidonge vyenyewe. Akinamama wengi wamo katika mzunguko huo na hawajui. Kwao mazoezi ya shingo, pumzi, usingizi wa saa zilezile, maji ya kutosha na chakula kisichorukwa vinaweza kuwa mlango wa kutokea, wakisaidiwa na daktari katika kupunguza vidonge. Mikao ya kuinamisha kichwa chini mwenye presha au maradhi ya macho aiache. Na maumivu yaliyokuja ghafla kama radi, au yaliyofuatana na homa na shingo kukakamaa, mkono kufa ganzi, maneno kuyumba, au yanayomshika mja mzito, hayo si ya mkeka wala ya leso. Ni ya hospitali, siku hiyohiyo.

Turudi Ghazna. Mahmud alikufa 1030, na mwanawe Masud akamtunza al-Biruni vizuri zaidi. Kwa heshima ya Masud aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya nyota, na inasimuliwa kwamba sultani alimpelekea mzigo wa fedha juu ya tembo, naye akaurudisha, akiona hana haja nao. Alipofika miaka ya sitini aliandaa orodha ya kazi zake mwenyewe, ikafika zaidi ya 100. Nyingi zimepotea.

Uzeeni, macho na masikio yakiwa yamechoka, alianza kazi ya mwisho: kitabu cha dawa. Kwa msaada wa tabibu mmoja alikusanya majina ya mimea, mizizi na madini, kila kitu kwa lugha zake nyingi, Kiarabu, Kiyunani, Kiajemi, Kisiria, na za Bara Hindi, ili mgonjwa wa nchi moja asipewe sumu kwa sababu jina lilikosewa katika nchi nyingine.

Alifariki Ghazna baada ya mwaka 1048, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Yaqut, mwandishi wa wasifu wa wanazuoni, amepokea habari ya siku yake ya mwisho. Fakihi mmoja alikwenda kumtazama akakuta pumzi zinakwama kifuani. Al-Biruni alimkumbusha suala moja la mirathi, la mabibi wa upande wa mama, walilowahi kulizungumza, akataka alielezwe tena. Fakihi kwa huruma alishangaa kwamba mtu katika hali ile anauliza mirathi. Mgonjwa akamwambia kwamba kuiaga dunia akiwa amelijua ni bora kuliko kuiaga akiwa hajalijua. Basi fakihi akamweleza, naye akalihifadhi, na akamweleza mgeni wake jambo jingine alilokuwa amemwahidi. Fakihi akatoka. Alikuwa bado yuko njiani aliposikia kilio kikitoka katika ile nyumba.